Kutoka Anwani hadi Mstari: Zana ya addr2line na Programu Zinazotumika Mbali na Watungaji Wake

Programu ya kompyuta inapoanguka, yaani inapojifunga yenyewe kabla ya kumaliza kazi iliyoagizwa, aghalabu huacha nyuma namba moja tu yenye maana, nayo ni anwani ya amri iliyokuwa ikitekelezwa wakati hitilafu ilipotokea. Anwani hiyo ni mahali katika kumbukumbu ya mashine, na huandikwa kwa hesabu ya msingi wa 16, ambayo baada ya tarakimu 0 hadi 9 huendelea na herufi a hadi f ili namba ndefu ipate kuandikwa kwa alama chache. Kwa mashine hilo linatosha kabisa; kwa mtu aliyeitunga programu halisemi kitu, kwa sababu yeye hakuandika anwani bali aliandika msimbo chanzo, yaani mistari ya maandishi yanayosomeka na binadamu, ambayo baadaye hugeuzwa kuwa amri za mashine na programu nyingine iitwayo kompaila. Kuirudisha anwani kwenye mstari ilikotoka ndiyo kazi ya addr2line, zana ndogo inayoendeshwa kwa kuandika amri kwenye skrini badala ya kubofya vitufe, na ambayo imo katika mkusanyiko wa zana za GNU uitwao binutils tangu miaka ya 1990. Matumizi yake hayamchukui mtu muda mrefu kuyajifunza. Kigumu ni kile kinachopaswa kuwa kimeshafanyika miezi kadhaa kabla zana haijaitwa, na ugumu huo hujitokeza zaidi pale mtumiaji wa programu na mtungaji wake wanapotenganishwa na umbali, mtandao hafifu na bei ya bando.

Mkoa wa Mara unalionyesha jambo hilo vizuri. Tangu mwaka 2015 mradi wa Crowd2Map Tanzania, ulio chini ya Tanzania Development Trust, umekuwa ukiwaunganisha wachoraji wa kujitolea walioko nje na wakazi wa vijijini ili kuviingiza vijiji katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuihariri. Haja kubwa ilitoka Serengeti, ambako nyumba salama mjini Mugumu ilikuwa ikiwapokea wasichana waliokimbia ukeketaji, na ambako wanaharakati, akiwemo Rhobi Samwelly ambaye baadaye alianzisha shirika la Hope for Girls and Women, walihitaji kuvifikia haraka vijiji ambavyo havikuonekana kwenye ramani ya simu yoyote. Kumkeketa mtoto wa kike aliye chini ya miaka 18 ni kosa nchini Tanzania tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Hata hivyo sheria peke yake haimfikishi askari kijijini Nyakunguru, wala katika kijiji cha ng'ambo ya pili ya mto Mara upande wa Serengeti, usiku wa Desemba, mwezi ambao misimu ya ukeketaji miongoni mwa Wakurya huangukia zaidi. Simu yenye ramani inayofanya kazi bila mtandao ikawa kitendea kazi cha lazima, na programu iliyotumika sana katika mafunzo ya uchoraji huo ilikuwa Maps.me, ambayo mtumiaji huipakulia ramani ya eneo zima mara moja, kisha huitafuta njia na kuongeza majina ya mahali hata pasipo na mnara wa simu.

Aina ya programu ndiyo inayoamua hitilafu yake itasomwaje, na hapa aina mbili zapaswa kutofautishwa. Programu za Android zilizoandikwa kwa Java au Kotlin, kama ODK Collect inayotumika sana Afrika Mashariki kujazia fomu za utafiti, zikianguka huacha orodha ya miito yenye majina ya faili na namba za mistari, kwa hiyo kazi ya kutafsiri huwa ndogo, isipokuwa pale majina yamefupishwa makusudi ili kupunguza ukubwa wa programu. Maps.me ni ya aina nyingine. Moyo wake, yaani sehemu inayochora ramani, kutafuta mahali na kukokotoa njia, umeandikwa kwa C++, na msimbo wake ulifunguliwa kwa umma mwaka 2015. Baada ya programu hiyo kuuzwa mwaka 2020, baadhi ya waanzilishi wake walianzisha tawi huru liitwalo Organic Maps juu ya msimbo uleule. Lugha ya C++ huchaguliwa kwa kazi hii kwa sababu huifanya ramani nzito iende kwa wepesi hata kwenye simu ya bei nafuu, lakini wepesi huo una gharama: programu ya C++ ikigusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake, mfumo huiua papo hapo, na kinachobaki ni anwani tupu. Yeyote anayetaka kuirekebisha hana budi kuanzia hapo.

Kazi ya kuigeuza anwani kuwa mstari inafanana na ile inayofanywa na ramani yenyewe. Latitudo na longitudo zilizosomwa na simu hazimwambii dereva wa bodaboda chochote mpaka ramani ionyeshe kwamba namba hizo ziko Nyakunguru karibu na shule au josho fulani, na ramani isiyo na kijiji hicho haitakitaja hata kama namba ni sahihi kabisa. Kwa upande wa programu, ramani hiyo ni taarifa za utatuzi. Kompaila ikiachwa ifanye kazi yake ya kawaida hutupa karibu kila kitu kinachomsaidia binadamu, yakiwemo maelezo ya pembeni, majina ya vitu vya ndani na mgawanyo wa mistari, na hubakiza amri za mashine tu; ikiamriwa kwa alama ya -g, huandika kando ya amri hizo majedwali yanayoeleza kila kundi la amri limetokana na faili gani na mstari gani. Umbo la majedwali hayo kwenye Linux na Android huitwa DWARF, ambalo lilianzia Bell Labs katika miaka ya 1980 na kupitia matoleo kadhaa hadi la tano lililotolewa Februari 2017. Jedwali la mistari lingeandikwa lote wazi lingekuwa kubwa kupita kiasi, hivyo DWARF huhifadhi badala yake maelekezo mafupi ya namna ya kulijenga upya, kama vile kusonga mbele kwa baiti nne na kuongeza mstari mmoja, na zana kama addr2line huyafuata maelekezo hayo hadi zifike kwenye anwani iliyoulizwa.

Ikiwa programu ya kujifunzia iitwayo ramani imetungwa katika faili la ramani.c, maandalizi yake kwa kompaila ya gcc, swali na jibu vyaweza kuwa hivi:

gcc -g -O2 -o ramani ramani.c
addr2line -e ramani -f -C -i -p 0x11c9
tafuta_kijiji at /kazi/ramani.c:41
 (inlined by) main at /kazi/ramani.c:88

Alama ya -e hutaja faili la programu, na isipowekwa zana hutafuta faili liitwalo a.out, jambo linalowachanganya wengi mwanzoni. Alama ya -f huomba jina la kitendakazi, yaani fungu la msimbo lenye jina na jukumu lake. -C huyarudisha majina ya C++ katika sura yake ya asili kwa kuwa kompaila huyasokota. Na -p huliweka jibu la kila kitendakazi katika mstari mmoja unaosomeka. Inayostahili kukaziwa zaidi ni -i. Kompaila inayoboresha kasi hupenda kuuchukua mwili wa kitendakazi kifupi na kuupachika moja kwa moja ndani ya kile kinachokiita, kiasi kwamba anwani moja inakuwa mali ya vitendakazi viwili au vitatu kwa mpigo. Bila -i zana hutaja kile cha ndani kabisa na kunyamaza, na msomaji humlaumu tafuta_kijiji bila kujua kwamba aliitwa kutoka mstari wa 88 kwa thamani isiyofaa. Zana isipopata kitu chochote hutoa alama za kuuliza na sifuri, ??:0, jibu ambalo lina sababu nyingi na ambalo halithibitishi kamwe kwamba anwani ni ya uongo.

Sababu ya kwanza ya jibu hilo ni hesabu. Katika mifumo ya leo programu haipakiwi mahali palepale kila mara: kiini cha Linux kimekuwa kikipachagua mahali pa kuanzia kwa kubahatisha tangu mwaka 2005, na Android kuanzia toleo la 5.0 hukataa kabisa kuendesha programu ya kawaida isiyoweza kuhamishika namna hiyo, lengo likiwa kumnyima mshambuliaji uwezo wa kukisia kitu kiko wapi. Kwa hiyo anwani iliyoonekana wakati wa kuanguka ni jumla ya mahali pa kubahatisha na mahali pa kudumu ndani ya faili, ilhali majedwali ya DWARF yanapajua hapo pa pili tu. Kumbukumbu za kiini cha Linux huandika tukio la aina hii kwa mstari mmoja uliobanwa:

ramani[4127]: segfault at 0 ip 000055d0c8a011c9 sp 00007ffd3a2be0f0 error 4 in ramani[55d0c8a01000+1000]

Namba inayofuata neno at, ile sifuri, ni anwani ya data ambayo programu ilijaribu kuigusa, na anayeichukua hiyo na kuipeleka kwa addr2line hupoteza muda wake. Inayohitajika ni ile inayofuata herufi ip, yaani mahali pa amri. Kutoka humo huondolewa mwanzo wa kipande kilichotajwa mwishoni, 55d0c8a01000, na kubaki 1c9. Wengi huishia hapo na kupata alama za kuuliza au, vibaya zaidi, mstari usiohusika. Kipande kilichotajwa ni kile chenye amri tu, na katika mfano huu chenyewe kinaanza baiti 0x1000 ndani ya faili, kwa hiyo 0x1000 hiyo huongezwa juu ya 1c9 na jibu kuwa 0x11c9. Mwanzo wa kila kipande husomwa kwa amri ya readelf -lW, na ni busara kuisoma kila mara badala ya kukariri 0x1000, kwa sababu baadhi ya viunganishi, yaani zana zinazounganisha vipande vya programu kuwa faili moja, kikiwemo kile cha LLVM kinachotumika kuandaa programu za Android, hupanga vipande kwa namna ambayo mahali pa kitu ndani ya faili na anwani yake havilingani.

Android imempunguzia mtungaji taabu hiyo. Programu inapoanguka, mfumo huandika ripoti ambayo kila mstari wa orodha yake ya miito una herufi pc, anwani iliyokwisha kuondolewa sehemu ya kubahatisha, jina la maktaba ya C++ iliyohusika, na mara nyingi kitambulisho cha ujenzi, kitu ambacho kitarejewa hapa chini. Mistari hiyo hufuatana kuanzia amri iliyoangusha programu na kurudi nyuma kwa kila kitendakazi kilichoita kingine. Kwa kila mstari isipokuwa wa kwanza, anwani halisi iliyohifadhiwa na mashine ni ya amri inayofuata mwito, wala si ya mwito wenyewe, na kwa sababu hiyo jibu laweza kuonyesha mstari mmoja chini ya ule unaotafutwa. Android hufanya masahihisho hayo yenyewe, lakini anayetumia orodha iliyotolewa na kitendakazi cha backtrace katika maktaba ya kawaida ya Linux hulazimika kupunguza moja kwa mkono wake. Ieleweke pia kwamba tangu toleo la r23 la mwaka 2021, vifaa vya kutungia programu za C++ za Android havina tena addr2line ya GNU. Mahali pake pamechukuliwa na llvm-addr2line, inayokubali alama zilezile, pamoja na ndk-stack, ambayo hupewa ripoti nzima na kuitafsiri yote kwa mpigo. Mwanafunzi asiye na kompyuta anaweza kujifunza haya kwenye simu yake kwa kutumia Termux, ambayo ina vifurushi vya kompaila ya clang na vya binutils.

Yote hayo ni rahisi yakilinganishwa na tatizo la kulinganisha faili na faili. Taarifa za utatuzi huongeza ukubwa wa programu mara kadhaa, na hakuna anayetaka kumpa mtu wa Nyakunguru programu ya megabaiti mia kadhaa anayolipia kwa bando la siku. Kwa hiyo kabla ya kutolewa programu hupitishwa katika zana iitwayo strip, inayoyaondoa majedwali yote na kubakiza amri. Nakala iliyoko kwenye simu haiwezi tena kujieleza. Nakala yenye majedwali hubaki kwenye kompyuta ya mtungaji, katika folda ya kazi za muda ambayo maandalizi yafuatayo huifuta na kuandika juu yake bila kuuliza. Wiki tatu baadaye ripoti inawasili kutoka kwa mtumiaji wa toleo la zamani, mtungaji anatafuta folda hiyo na kukuta ya toleo jipya, anaiuliza addr2line, na addr2line inajibu kwa ujasiri mkubwa jina la faili na namba ya mstari. Jibu hilo ni la uongo. Zana haina namna ya kujua kwamba anwani imetoka katika nakala tofauti, kwa kuwa imepewa namba na faili tu, na namba yoyote ndogo itaangukia mahali fulani. Kati ya hasara zote zinazotajwa katika makala hii, hiyo ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu alama za kuuliza humsimamisha mtu, ilhali jibu lisilo sahihi humpeleka kurekebisha msimbo usio na kosa.

Kuitunga nakala ya zamani upya kutoka msimbo uleule si suluhisho la uhakika, kwani kompaila ya toleo jingine kidogo hupanga amri kwa namna nyingine na anwani zote zikahama. Aidha programu moja ya Android hubeba maktaba mbili au zaidi za C++, moja kwa ajili ya simu za biti 64 na nyingine kwa simu za biti 32 ambazo bado zimo miongoni mwa zile za bei nafuu, na anwani kutoka simu ya aina moja haina maana katika maktaba ya aina nyingine. Kinachoondoa utata ni kitambulisho cha ujenzi kilichotajwa awali, yaani alama ya kipekee, kwa kawaida ya tarakimu 40, ambayo huandikwa ndani ya kila maktaba inapoundwa na haifutwi na strip. Alama hiyo ikifanana katika ripoti na katika faili lililohifadhiwa, jibu la addr2line laweza kuaminiwa. Isipofanana, heri kutouliza. Katika ulimwengu wa Linux umejengwa juu yake mfumo wa debuginfod, uliotoka mwaka 2019, ambao huipokea alama hiyo kwa njia ya mtandao na kurudisha taarifa za utatuzi zinazolingana nayo; ni mfumo mzuri kwa mwenye intaneti ya ofisini, ila kwa anayelipia kila megabaiti faili moja la programu kubwa laweza kumaliza bando la wiki.

Hapo ndipo mgawanyo wa kazi uliomo ndani ya zana hii unapoonekana kufaa mazingira ya vijijini kuliko hata watungaji wake walivyoweza kukusudia. Kizito, yaani majedwali, hukaa kwa mtungaji. Kinachohitaji kusafiri ni kitambulisho cha tarakimu 40 na anwani chache za tarakimu sita au saba, na ujumbe mfupi wa simu wenye herufi 160 unavibeba vyote, hata anwani zikizidi kumi. Huduma za kukusanya ripoti za hitilafu zinazotolewa na kampuni kubwa hufanya kazi hiyo zenyewe, na kwa programu yenye watumiaji wengi hazina mpinzani, lakini zinategemea simu kupata mtandao na, kwa takwimu za Google Play, programu kuwa imesakinishwa kutoka dukani humo. Simu iliyopewa programu kwa Xender au Bluetooth, njia ya kawaida kabisa pale ambapo bando ni ghali, haionekani katika takwimu hizo.

Kuna pia suala la siri, ambalo kwa kazi kama ya nyumba salama halipaswi kuwekwa nyuma ya urahisi. Njia nyingine ya kuchunguza hitilafu ni kuituma picha nzima ya kumbukumbu ya programu ilipoanguka, na wahandisi huipenda kwa kuwa hueleza mengi zaidi ya mstari, zikiwemo thamani zilizosababisha kosa. Lakini kumbukumbu ya programu ya ramani ina mahali simu ilipokuwa, njia iliyoombwa na pengine jina la boma lililotafutwa, na taarifa hizo zikimfikia asiyehusika zaweza kumrudisha msichana mikononi mwa walewale aliowakimbia. Ripoti ya kawaida ya Android nayo huchukua vipande vya kumbukumbu vilivyo karibu na hitilafu, hivyo haifai kurushwa nzima kwenye kundi la WhatsApp. Namba kama 0x41b7d4 hueleza mahali ndani ya msimbo na haielezi mahali popote duniani. Katika mazingira haya umaskini wa anwani ni faida, na mtungaji anayedai kila kitu kwa sababu tu kinaweza kumsaidia anapaswa kukatazwa.

Mipaka ya zana hata hivyo haifutiki kwa nidhamu yoyote. Addr2line huonyesha mahali programu ilipofia, ambapo si lazima pawe mahali kosa lilipotendwa: kitendakazi kimoja kinaweza kuiharibu kumbukumbu kimyakimya na kingine kisicho na hatia kikaanguka dakika kumi baadaye. Uboreshaji wa kompaila nao huzichanganya amri za mistari mbalimbali kiasi kwamba mstari uliotajwa huwa ni ule wa jirani. Mwenye uzoefu huisoma namba ya mstari kama dalili, kisha huisoma orodha nzima ya miito kabla ya kugusa msimbo, na huzikusanya ripoti kadhaa za hitilafu inayofanana ili aone zinakutana wapi.

Gharama ya maandalizi ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Amri ya objcopy yenye alama ya --only-keep-debug huyatenga majedwali katika faili lake, na faili hilo likihifadhiwa katika folda yenye jina la kitambulisho cha ujenzi, kwa kila toleo na kwa kila aina ya simu, basi anwani yoyote itakayokuja hata baada ya miaka mitano itapata jibu lake. Halmashauri, mashirika na miradi inayoagiza programu kwa matumizi ya vijijini, iwe ni ya ramani, ya afya au ya elimu, hudai katika mikataba msimbo chanzo na mafunzo ya watumiaji. Waongeze sharti kwamba kila toleo likabidhiwe pamoja na faili zake za utatuzi na vitambulisho vyake, zihifadhiwe mahali ambapo mwenye mradi anaweza kuzifikia hata mkandarasi akishaondoka. Sharti hilo huandikwa kwa mistari miwili, na lisipoandikwa kabla ya toleo la kwanza kutoka, ripoti za toleo hilo hazitatafsirika tena na mtu yeyote.